Betri ya simu iliyovimba, tochi iliyobadilishwa betri, na ekstensheni chini ya kitanda

Swali: Naishi Tanga, nyumba ya vyumba viwili, mimi na mume wangu na watoto watatu. Simu ya mwanangu mkubwa imetuna mgongoni hadi kava halifungi, lakini bado inawaka na inakaa na chaji. Fundi wa kwanza kasema ataitoboa betri kwa sindano itoe hewa. Wa pili kasema ataikandamiza kisha abandike kava kwa gundi. Usiku tunachaji simu zote, pawabenki na tochi mbili kwenye ekstensheni moja chini ya kitanda cha watoto. Tochi moja betri yake ya zamani ilikufa, ikawekwa ya kompyuta. Wifi yangu anasafiri kwenda Muscat wiki ijayo, nikafikiri aende na simu hiyo ikatengenezwe huko. Je, nisubiri? Na ikishika moto, nimwagie maji au mchanga? Jirani anasema maji yanalipua betri.

Jibu: Dada, anza na simu hiyo sasa hivi, kabla hujasoma yaliyobaki. Ichomoe kwenye chaja, izime kabisa, na isichajiwe tena hata dakika tano. Picha na namba za watu ziko kwenye bodi ya simu, haziko kwenye betri, kwa hiyo zitapatikana ikishawekwa betri nyingine. Tafuta sufuria kuukuu au ndoo ya bati, weka mchanga mkavu wa kina cha sentimita tano hivi, laza simu juu yake, uizungushie mchanga pembeni. Usifunike kwa mfuniko unaobana, maana gesi ikitoka inahitaji njia. Iweke nje juu ya saruji, penye kivuli na pasiponyeshewa, mbali na makuti, mkaa, mtungi wa gesi na mikono ya watoto. Ikae huko hadi utakapoipeleka kwa fundi.

Kilichoitunisha ni gesi. Ndani ya pakiti ile laini ya rangi ya fedha kuna karatasi mbili ndefu za metali, moja ya shaba (upande hasi) na moja ya alumini (upande chanya), zimepakwa kemikali na kukunjwa pamoja. Katikati yake kuna utando wa plastiki wenye unene wa kama sehemu ya hamsini ya milimita, pengine chini ya hapo. Vyote vimelowa elektroliti, kimiminika kinachowaka kwa urahisi. Umri, joto, kuchajiwa kupita kiasi, au kukaa miezi mingi bila chaji kabisa huivunja elektroliti hiyo ikatoa kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi, haidrojeni na gesi nyingine. Pakiti haina tundu la kupumulia, basi inavimba. Kwetu pwani joto lina mchango mkubwa: seli nyingi zimetengenezwa zichajiwe katika joto lisilozidi nyuzi 45, na simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita hapo bila taabu.

Betri nyingi zilizovimba haziwaki. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu ndilo linalowafanya watu waendelee kuzitumia miezi kadhaa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuitazama kwa nje akajua kama utando ule mwembamba ungali mzima. Ukipasuka mahali padogo, karatasi mbili zinagusana, inapigwa shoti ya ndani kwa ndani, na joto linapanda. Kwenye nyuzi 80 hadi 120 hivi tabaka linalokinga upande hasi linaanza kuvunjika na lenyewe kutoa joto. Kwenye nyuzi 130 hivi utando unayeyuka na shoti inaenea. Baada ya hapo kemikali za upande chanya hutoa oksijeni yake yenyewe, na moto huo hauhitaji tena hewa ya chumbani. Ndiyo maana kuufunika hakuuzimi. Kutoka dalili ya kwanza hadi miali mara nyingi ni suala la sekunde.

Sasa hao mafundi. Sindano ndiyo njia ya hakika ya kuiwasha betri. Inapita katika tabaka zote na kuunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma, nishati yote ya betri ikakimbilia tundu moja. Betri ya simu ya mAh 5,000 (kipimo cha chaji kilichoandikwa juu yake) ina kama Wh 19 (wati-saa, kipimo cha nishati), inatosha kabisa kuwasha godoro. Pia unyevu wa hewa unaoingia humo hukutana na chumvi ya elektroliti na kutengeneza haidrojeni floridi, gesi inayounguza macho na mapafu. Huyo asiiguse simu yako.

Wa pili anaonekana mwangalifu zaidi, lakini kukandamiza kuna historia yake. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha simu zote za Galaxy Note7 kwa sababu zilikuwa zinawaka, na Januari 2017 ikaeleza chanzo. Katika betri za mtengenezaji mmoja, kona ya juu ilikuwa imebanwa na ganda lake hadi karatasi za ndani zikapinda. Katika za mtengenezaji wa pili, vinundu vya kuchomelea vilitoboa kinga ya ndani. Kama mbano mdogo wa kiwandani ulileta hayo kwenye betri mpya, fikiria kidole gumba cha fundi juu ya betri iliyokwisha kuharibika, kisha kava lililobandikwa gundi linaloendelea kuibana kila gesi inapoongezeka.

Fundi unayemhitaji atafanya hivi. Simu imezimwa, na yupo karibu na mlango au nje kabisa. Atafungua kava kwa kulipasha joto kidogo tu, kwa sababu mashine ya hewa moto ikielekezwa kwenye betri iliyovimba inaipeleka kwenye nyuzi zilezile tulizozitaja. Kabla ya jambo lingine lolote atachomoa kiunganishi cha betri kwenye bodi. Gundi ataidondoshea spiriti safi kwenye kingo, asubiri dakika chache, kisha ateleze kadi ya plastiki laini, ya vocha au ya benki, bila kuikunja betri. Ukimwona ameshika bisibisi au kisu, mwambie aache. Gundi ikikataa, anaongeza spiriti na kusubiri tena. Haipindwi, haivutwi kwa nguvu. Betri mpya iwe ya modeli ileile, na usivutiwe na iliyoandikwa mAh maradufu ya ile ya kiwandani huku umbo ni lilelile. Maandishi hayo ni ya uongo, na aliyedanganya kwenye uwezo hana sababu ya kuwa mkweli kwenye kinga.

Ile kuukuu zibeni vichwa vyake vya shaba kwa tepu ya umeme na kuiweka pekee kwenye kopo la mchanga. Isiende jalalani, kwa sababu majalala yetu huchomwa moto na anayechoma hajui kilichomo. Isitupwe chooni, wala watoto wasipewe kuwashia taa za vigari vyao. Ulizia wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, au duka la simu linalokusanya kwa ajili yao. Wasomaji wa Nairobi wanayo WEEE Centre.

Dada, simu imekupa dalili ukaiona. Tochi iliyobadilishwa betri haijatoa dalili yoyote, na kwa maelezo yako ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Acheni kuichaji leo hii.

Tochi nyingi za bei nafuu madukani, zile zenye meno ya plagi yanayochomoza mgongoni, zimetengenezwa kwa betri ya risasi na asidi ya volti 4. Chaja yake haina transfoma wala chochote cha kukata umeme betri ikijaa. Kuna kapasita moja inayopunguza umeme wa ukutani, daiodi chache, basi. Taa nyekundu huwaka muda wote tochi ikiwa ukutani, iwe imejaa au haijajaa. Betri ya risasi huvumilia kiasi. Ikijaa hufika kama volti 4.8, na ukiiacha zaidi maji yake ya ndani hukauka, plastiki inatuna, inakufa. Ni hasara, mara chache ni moto. Ndiyo maana maelekezo kwenye boksi husema saa 8 au 10 halafu uichomoe, na inafaa kuyafuata.

Seli ya kompyuta ni lithiamu. Ile ya silinda, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, mwisho wake ni volti 4.2. Chaja ya kapasita haijui hilo. Inasukuma umeme mdogo, lakini haikomi. Inapita 4.2, inaelekea 4.5, inaendelea. Lithiamu inaanza kujikusanya juu ya upande hasi kama metali tupu, ikichipua ncha kali zinazoelekea kwenye utando, na upande chanya unazidi kupoteza uthabiti wake. Ndani ya kompyuta seli hiyo ilikuwa na bodi ya kuilinda. Fundi alipoing'oa aliiacha bodi hiyo nyuma. Tena ilitoka kwenye pakiti iliyotupwa kwa sababu fulani. Seli iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu huwa na shaba iliyoyeyuka ndani na kuganda upya mahali pasipo pake, na shoti hutokea siku ikichajiwa tena. Kwa ufupi, mna seli isiyojulikana hali yake, kwenye chaja isiyojua kuacha, chini ya kitanda cha watoto, usiku kucha.

Tochi hiyo ikitengenezwa ipasavyo inaweza kutumika. Fundi wa redio na taa anayejua kazi atakata kabisa njia ya plagi ya ukutani na kuweka bodi ndogo ya TP4056, inayopokea volti 5 kutoka chaja ya simu, kuchaji kwa ampea 1 na kukata kwenye 4.2. Mwambie atafute yenye kinga ya kuizuia betri isiishe kabisa na isipigwe shoti. Utaitambua kwa kuwa ina sehemu nne za kuunganishia waya upande wa betri: B+ na B−, kisha OUT+ na OUT−. Yenye mbili tu haina kinga hiyo, hata kama bei yake inavutia. Seli apime kwa mita kwanza: ikisoma chini ya volti 2.5 itupwe, asijaribu kuifufua. Akishaijaza aiache siku chache bila kuitumia. Ikiwa imeshuka chini ya 4.1 inavuja ndani, nayo itupwe. Nailoni ya nje iwe nzima, hasa juu kwenye kichwa chanya, maana pale chuma cha upande hasi kiko milimita chache tu kando. Asilehemu waya moja kwa moja kwenye seli kwa pasi ya risasi. Joto lile linapenya ndani. Seli ziunganishwe kwa kibati kilichochomelewa kwa nukta, au ziwekwe kwenye kishikio cha springi. Na akikuuzia seli ya ukubwa huo iliyoandikwa mAh 9,900, mrudishie. Zilizo bora kabisa hazizidi sana 3,500.

Hiyo tochi nyingine ambayo haijaguswa, ichajieni mchana mkiwa macho, saa zilizoandikwa, kisha muichomoe. Msiifungue ikiwa ukutani, kwa sababu kwenye muundo ule betri na waya za taa zimeungana moja kwa moja na umeme wa volti 230.

Kuhusu ekstensheni, watu huogopa wingi wa chaja, kumbe hofu iko pengine. Chaja nne za simu za wati 20 kila moja zikifanya kazi kwa nguvu zote ni wati 80, haifiki hata nusu ampea. Pasi au jagi la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9 peke yake, na hilo ndilo linalounguza ekstensheni yenye waya mwembamba. Kwa hiyo chomekeni pasi na jagi kwenye soketi ya ukutani. Jambo la pili ni plagi zinazocheza. Tuna desturi ya kuchomeka plagi ya meno mawili ya duara kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu au njiti. Meno hayo hayashiki sawasawa, yanatoa cheche, plastiki inageuka kahawia. Ukiona rangi hiyo au kusikia mlio wa kuchemka, soketi hiyo imekwisha, ibadilishwe. Adapta ya shilingi chache yenye fyuzi ni bora kuliko njiti. Umeme ukikatika, chomoeni chaja hadi urudi na kutulia.

Chaja ya simu yenyewe haiamui betri ijae vipi. Hilo hufanywa na saketi iliyo ndani ya simu, ndiyo maana chaja yenye nguvu zaidi haiui simu nzima. Hatari ya chaja bandia ni nyingine: umbali kati ya upande wa volti 230 na upande wa volti 5 umebanwa mno, siku moja umeme wa ukutani unavuka hadi kwenye waya ulioshikwa na mtoto. Ikiwa nyepesi ajabu, imeandikwa kwa herufi zilizokosewa, au inachoma mkono, iondoe.

Mahali pa kuchajia pana uzito kuliko idadi ya chaja. Chini ya kitanda kuna godoro la sponji, shuka, na chandarua cha polista kinachoning'inia hadi chini. Sponji hiyo ikiwaka hutoa moshi wenye sianidi na kaboni monoksaidi, na mtoto aliyelala hupoteza fahamu kabla hajaamka. Hamishieni kila kitu sebuleni juu ya sakafu tupu au kigae, sentimita 50 au zaidi kutoka kwenye pazia, kochi na nguo. Lakini pasiwe njiani kuelekea mlangoni. Nyumba zetu zina nondo madirishani na geti la ndani lenye kufuli, mlango huwa mmoja, na moto ukianzia hapo hakuna pa kutokea. New York wamelijua hilo kwa uchungu: mwaka 2023 moto wa betri za baiskeli za umeme na vyombo vya aina hiyo uliua watu 18, na mara nyingi vyombo hivyo vilikuwa vinachajiwa karibu na mlango. Ufunguo wa geti utundikwe mahali pamoja kila usiku, mtoto mkubwa aujue na aufikie. Betri ya pikipiki ya umeme, ikiwa mtaani kwenu zimefika, isilale ndani ya nyumba kabisa. Ya volti 72 na ampea-saa 40 ina Wh 2,880, sawa na simu 150 za mAh 5,000 kwenye boksi moja.

Sasa maji au mchanga. Jirani yako amechanganya vitu viwili. Lithiamu tupu ya maabara ikikutana na maji hufoka na kutoa haidrojeni inayoweza kuwaka. Betri ya simu, pawabenki au kompyuta ina lithiamu iliyofungwa ndani ya kemikali nyingine, na ikiwaka kinachohitajika ni kupoozwa, na hakuna kitu jikoni kwako kinachopooza kuliko maji. Kwanza zima swichi kuu ya umeme au swichi ya soketi. Maji hayamwagwi kwenye kitu ambacho kingali kwenye umeme. Toa watoto nje. Kisha mwaga kwa wingi kutoka mbali kidogo, ndoo nzima, halafu nyingine, na uendelee hata miali ikishatoweka, maana seli ya jirani yake huchukua joto na kuwaka baada ya dakika kadhaa. Mchanga unazuia miali isirukie pazia, na kama maji hayapo tumia huo. Ila haupoozi, unalifunga joto ndani. Mtungi wa kuzimia moto wa unga unafaa kwa kochi lililoshika. Betri yenyewe itawaka tena.

Kabla ya miali huwa kuna dalili: kifaa kinachoma hadi hakishikiki, harufu tamu kali kama ya kiondoa rangi ya kucha, mlio wa kufoka, moshi mweupe au wa kijivu. Moshi huo ni sumu na wenyewe unawaka. Usikikimbize kifaa nje mikononi mwako. Kama hakijafoka bado na kiko mahali pa kufikika, kisukume kwa mwiko mrefu au koleo hadi kwenye ndoo ya maji. Kama kimefoka na chumba kimejaa moshi, acha mali, tokeni mkiwa mmeinama, fungeni mlango nyuma yenu, mpige 114 kwa Zimamoto. Kwa walio Kenya ni 999 au 112. Betri iliyozimwa ikae ndani ya maji nje ya nyumba hadi kesho yake, na maji hayo yasinyweshwe mifugo wala kumwagwa kisimani.

Kuhusu wifi yako: simu hiyo asipande nayo ndege. Betri iliyovimba au kuharibika hairuhusiwi kwenye begi la mkononi wala la kupakia, na sheria hiyo ina sababu. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai ilianguka na kuua marubani wote wawili baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na maelfu ya betri za lithiamu. Pawabenki nzima anaruhusiwa kubeba, iwe kwenye begi la mkononi. Hadi Wh 100 haihitaji kibali, kati ya 100 na 160 aombe shirika la ndege mapema, zaidi ya hapo hairuhusiwi. Kama imeandikwa mAh peke yake, gawanya kwa 1,000 kisha zidisha kwa 3.7: ya 20,000 ni Wh 74, ya 27,000 inafika 100. Aulize pia kama inaruhusiwa kutumika angani, kwa sababu mashirika yanazidi kukaza. Emirates, kwa mfano, imekataza kuitumia ndani ya ndege tangu tarehe 1 Oktoba 2025 na inaruhusu moja tu kwa abiria. Isiyo na maandishi yoyote ya uwezo aiache nyumbani, maana wakaguzi wa uwanjani wanaweza kuizuia.